Bunduki Isipolia Katika Mashamba ya Redfield

Msafiri anayetoka mji wa Aberdeen kuelekea kusini kwa barabara nambari 281, katika jimbo la South Dakota huko Marekani, huenda kilomita 65 hivi bila ya kukutana na kilima hata kimoja. Ni tambarare tupu, mahindi upande huu na soya upande ule, na upeo wa macho umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Zamani za kale, barafu kubwa ilipokuwa ikiyeyuka, mahali hapa palikuwa chini ya ziwa. Ziwa hilo lilikauka likaacha udongo ambao mkulima wa Trans-Nzoia angeuonea kijicho. Kitu cha kwanza kuinuka mbele yako ni ghala la nafaka, refu kama jumba la ghorofa, na chini yake ndipo ulipo mji wa Redfield.

Ni mji mdogo. Wakazi wake ni 2,200 hivi, idadi ambayo mtaa mmoja wa Kayole unaweza kuimeza bila kutambua. Jimbo lenyewe lina ukubwa wa karibu theluthi moja ya Kenya, nao watu wake hawafiki milioni moja. Hata hivyo Redfield ina jina kubwa. Wenyeji wameutangaza mji wao kuwa makao makuu ya dunia ya ndege aitwaye pheasant, na ikifika Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Oktoba, msimu wa uwindaji unapofunguliwa, kitanda cha hoteli huwa adimu kama maziwa wakati wa kiangazi.

Pheasant ni jamaa wa kanga na kwale wetu, na pia wa kware, wale waliotutia wazimu mwaka 2013 na 2014 kila mtu akikimbilia mayai yao. Jogoo wake ni pambo. Shingo yake ni ya kijani kinachong'aa, ana pete nyeupe kama kola ya padri, uso mwekundu, na mkia wa karibu nusu mita. Mtetea yeye amevaa rangi ya majani makavu ili asionekane anapoatamia. Sheria inamruhusu kila mwindaji majogoo watatu kwa siku, na mitetea hawaguswi. Kwa sababu hiyo ndege akiruka, mtu wa kwanza kumtambua hupaza sauti, "Jogoo!" Wasiposikia neno hilo, watu wenye adabu huacha bunduki zao zikae chini.

Cha ajabu ni kuwa ndege huyu si mwenyeji wa hapo. Asili yake ni Asia. Owen Denny, Mmarekani aliyekuwa balozi mdogo huko Shanghai, ndiye aliyewapeleka jimbo la Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1880. Redfield waliachiliwa mwaka 1908. Walizaana katika mashamba ya nafaka hata, tarehe 30 Oktoba 1919, wilaya ya Spink ikaruhusu kuwindwa kwao kwa siku moja tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 ilikadiriwa kwamba jimbo zima lina ndege milioni 16. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, akina mama wa Aberdeen na vijiji vya karibu walikuwa wakiwangojea wanajeshi kwenye stesheni ya reli na kuwagawia mikate iliyotiwa nyama ya pheasant, bila malipo. Wanajeshi waliopita pale na kula walizidi nusu milioni. Mgeni akifika leo bado atasimuliwa habari hiyo.

Mwandishi wa makala haya alifika huko akiwa mgeni wa Mkenya mwenzetu anayefanya kazi Aberdeen, ambaye naye alikuwa amealikwa na mzee mmoja mkulima. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 nayo inakataza uwindaji wa kujiburudisha. Kwa hiyo Wakenya wengi wa mjini hatujapata kuona bunduki isipokuwa begani mwa askari wa benki. Mimi sikushika silaha siku hiyo. Nilipewa fulana ya rangi ya machungwa, rangi kali ya kuumiza macho, nikaambiwa nitembee na wenzangu na nibebe ndege watakaoanguka.

Zamani siku ya kwanza ilifunguliwa saa sita mchana. Tangu mwaka 2020 ni saa nne asubuhi. Tulikuwa watu tisa. Watano walijipanga mstari mwisho mmoja wa shamba la mahindi yaliyokauka, hatua kama 20 kati ya mtu na mtu, na mbwa wawili mbele yao. Wanne walizunguka wakaenda kusimama mwisho wa pili. Pheasant hapendi kuruka, hupenda kukimbia kwa miguu katikati ya mistari ya mahindi, na asipomkuta mtu mbele atatoka upande wa pili na kupotea. Akiona amezingirwa, hapo ndipo huruka, tena kwa kishindo na kelele kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Hebu msomaji aitazame picha hiyo vizuri. Watu watano wenye bunduki wanawaendea watu wanne wenye bunduki, na katikati yao kuna mahindi yanayozidi kimo cha mtu. Mzee alituonya kabla ya kuanza kwamba ndege anayeruka chini chini hapigwi, hata awe mkubwa namna gani. Lazima uone mbingu chini ya miguu yake. Risasi za bunduki hii ni marisau, punje ndogo za chuma au za risasi, zaidi ya 200 katika mfyatuo mmoja. Zikifika mita 40 nguvu ya kumwangusha ndege imepungua, lakini huruka hadi mita 200 na zaidi, na jicho la binadamu halihitaji nguvu nyingi kutobolewa.

Bunduki ya kwanza kugoma ilikuwa ya jirani wa yule mzee, fundi wa matrekta. Asubuhi ile umande ulikuwa umeganda ukawa barafu juu ya majani. Jogoo aliruka mbele ya fundi huyo, naye akalenga, akafyatua, tukasikia "tik" kama sauti ya kalamu inayofungwa. Ndege alikwenda zake. Fundi hakugeuka wala hakuishusha bunduki. Aliielekeza vile vile mbele na juu, mahali pasipokuwa na mtu, akatulia. Nilidhani amepigwa na butwaa.

Baadaye alinieleza. Ndani ya kitako cha kila risasi kuna fataki, kidude kidogo cha shaba kilicho katikati. Ukifyatua, sindano ya chuma ndani ya bunduki hupiga fataki, cheche hutoka, baruti huwaka, na marisau husukumwa nje. Mara nyingine cheche hutoka lakini baruti ni mbovu au imeingia unyevu, ikawa inawaka polepole. Unasikia "tik" na unadhani mambo yameisha, kumbe risasi italia baada ya nukta moja au mbili. Aliyeishusha na kujipigia mguu, au aliyemgeukia mwenzake na kusema, "Haijalia!", ndiye anayejutia. Wao hufunzwa kuhesabu nukta 30 mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, ndipo wafungue. Wengine huhesabu dakika nzima.

Alipoitoa risasi ile alinionyesha fataki yake. Ilikuwa na alama ndogo tu, kama iliyobonyezwa kwa ukucha. Hiyo, alisema, ni barua bunduki imekuandikia. Alama ikiwa ya kina na risasi isilie, lawama ni ya risasi, labda ni kuukuu au ilikaa mahali penye unyevu. Alama ikiwa hafifu, lawama ni ya bunduki: sindano imechakaa, au springi imechoka, au kuna uchafu unaoizuia. Yake ilikuwa ya bunduki, na kosa alilijua mara moja. Mwisho wa msimu uliopita aliipaka mafuta mengi kabla ya kuihifadhi. Mafuta hayo yameshikana na vumbi la baruti, na kwa baridi ile yakawa mazito. Mpishi wa Limuru anayeamka alfajiri ya mwezi Julai na kukuta mafuta ya kupikia yamekuwa kama sabuni anaelewa habari hiyo. Sindano ilikuwa ikipita katika uji.

Dawa yake haikuwa ya porini. Aliitoa risasi zote, akaipeleka bunduki kwenye gari na akaazima nyingine. Jioni aliifungua, akaosha njia ya sindano kwa dawa ya kuondoa mafuta, akaikausha, na akaiacha karibu kavu. Aliniambia kwamba watu wengi wanadhani bunduki hupenda mafuta kama baiskeli, na hapo ndipo wanapoharibu.

Lakini fundi na "tik" yake si jambo lililotufanya watu tisa tukae kimya kwa muda mrefu siku ile. Hilo lilitokea karibu saa saba, katika shamba la pili, lile lililopakana na kinamasi chenye matete.

Mzee alikuwa amekuja na wajukuu wake wawili, msichana wa miaka 19 na mvulana wa miaka 17. Mvulana alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake, ile inayovunjwa katikati kama bawaba ya mlango ili kutia risasi. Alikuwa amempata jogoo mmoja kwa mtutu wa chini. Akatia risasi nyingine upesi upesi huku akimtazama mbwa aliyekuwa akimleta ndege, vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi. Hatua kumi mbele, jogoo mwingine akatoka kwenye matete. Kijana akalenga, akafyatua. "Tik." Akafyatua tena. Safari hii hata "tik" haikusikika. Akageuka kumtazama babu yake, na mtutu ukageuka naye, ukaanza kupita mbele ya vifua vya watu waliokuwa kwenye mstari.

"Mtutu mbele!" Mzee hakupiga kelele, alisema tu, lakini sauti hiyo ilisikika hadi kwenye gari. Kijana akaurudisha. Tulisimama wote. Mzee alihesabu kwa sauti, moja hadi 30, na mbwa naye akakaa chini.

Kisha kijana akaivunja bunduki. Chemba ya juu ilikuwa na risasi nyekundu, haijaguswa. Chemba ya chini ilikuwa tupu.

"Babu, nilisahau kutia," alisema, akicheka kidogo kwa kuona aibu, na mkono wake ukaingia mfukoni kutafuta risasi.

"Usitie kitu," alisema mzee. Alikuwa ameshaanza kumwendea. "Mjukuu wangu, usitie kitu. Nipe."

Aliitoa ile risasi ya juu, akainua bunduki na kutazama ndani ya mitutu kwa upande wa nyuma. Mtutu wa juu ulionyesha duara la mbingu. Mtutu wa chini ulikuwa giza.

Wengine pale walielewa mara moja. Mimi ilibidi nielezwe. Bunduki za marisau hupimwa kwa nambari ya kizamani: huhesabiwa ni vitufe vingapi vya risasi, vyenye upana wa mtutu, vitakavyofanya uzani wa ratili moja. Vikiwa 12, bunduki inaitwa nambari 12, na mtutu wake una upana wa milimita 18.5 hivi. Vikiwa 20, ni nambari 20, na upana ni milimita 15.6 hivi. Nambari ikipanda, mtutu unapungua. Bunduki ya kijana ilikuwa nambari 12. Dada yake alikuwa akitumia nambari 20, ambayo ni nyepesi, na wiki iliyotangulia ndiye aliyeivaa fulana ile aliyokuwa ameivaa kijana. Risasi moja ya dada mtu ilikuwa imebaki katika kona ya mfuko.

Risasi ya nambari 20 ikitiwa katika bunduki ya nambari 12 haikai mahali pake. Huteleza, ikapita chemba, ikaenda kukwama mbele kidogo, pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba. Sindano ikipiga, inapiga hewa. Ndiyo maana kijana alisikia "tik". Mtutu wa pili nao haukulia kwa sababu katika bunduki nyingi za aina hiyo kifyatulio ni kimoja, nacho huhama kutoka mtutu wa kwanza kwenda wa pili kwa kusukumwa na ule mshindo wa nyuma. Wa kwanza usipolia hakuna mshindo, na kifyatulio hubaki pale pale kikiupiga mtutu ule ule. Anayeijua bunduki yake hukihamisha kwa kidole. Siku hiyo heri hakukihamisha.

Ubaya ni hatua inayofuata, ile ambayo mkono wa kijana ulikuwa umeshaianza. Ukifungua utaona chemba tupu. Utadhani umesahau. Utatia risasi ya nambari 12, nayo itaingia vizuri bila kizuizi, kwa kuwa ile ndogo imekwisha kusogea mbele. Bunduki itafungika. Jogoo atakapotoka, utafyatua, na risasi ya nyuma itaigonga ya mbele ndani ya bomba la chuma lililozibwa. Mtutu hupasuka mahali hapo hapo, na hapo ndipo mkono wa kushoto unaposhika. Watu wamepoteza vidole, na wengine macho, kwa njia hiyo hasa. Kwa ajili ya hatari hiyo viwanda vya risasi huko Marekani hutia ganda la nambari 20 rangi ya manjano, ili mtu akiiona asiichanganye na nyingine. Rangi ni kinga nzuri kwa anayetazama. Kijana alikuwa akimtazama mbwa.

Mzee hakumgombeza. Aliibeba bunduki ikiwa imevunjwa hadi kwenye pikapu, akachukua ufito wa kusafishia, akauingiza kwa mdomo wa mtutu huku mwili na uso wake ukiwa pembeni, akasukuma taratibu. Risasi ikatoka kwa nyuma ikaanguka juu ya blanketi. Ilikuwa ya manjano kama ganda la ndizi mbivu. Ingekuwa imekwama sana, alisema, asingeigusa, angeipeleka kwa fundi wa bunduki mjini. Alimtazamisha mjukuu ndani ya mitutu yote miwili mpaka akaona mbingu pande zote mbili. Halafu akamwambia avue fulana na amwage kila kitu kilichokuwa mifukoni.

Yule Mkenya mwenyeji wangu aliniambia baadaye kwamba yeye aliogopa zaidi kwa jinsi jambo lilivyokuwa dogo. Hapakuwa na mlevi wala mtu wa kujionyesha. Kijana huyo alikuwa amehitimu mafunzo ya usalama wa uwindaji, ambayo ni lazima huko kwa mtoto wa chini ya miaka 16 kabla ya kupewa leseni. Aliyajua yote. Lakini masikio yalikuwa yamejaa kelele za ndege, na mtu anapoona nafasi inapita mbele yake huwa na haraka ya kuifukuzia.

Kuna sauti ya tatu ambayo mzee alitueleza tukiwa tunakula mikate kandokando ya pikapu, ingawa siku hiyo hatukuisikia. Si "tik" na si mlio kamili. Ni "puf", kama mtu anayepuliza mshumaa. Hapo baruti imewaka nusu nusu, na huenda kile kizibo cha plastiki kinachobeba marisau kimebaki katikati ya mtutu. Nacho ni kama ile risasi ya manjano: hutiwi risasi nyingine juu yake mpaka umetazama ndani. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka mtaroni na mdomo wa bunduki ukachota tope au theluji. Yeye mwenyewe alimjua mtu ambaye bunduki yake ilichanua mbele kama ua. Aliponea chupuchupu.

Alasiri tulirudi shambani mara moja zaidi. Jua la huko mwezi wa Oktoba ni la chini na la dhahabu, mahindi yanang'aa na vivuli vya watu vinakuwa virefu mno. Kijana alipewa nafasi yake ile ile kwenye mstari, karibu na babu yake. Nilimwona akitia risasi. Aliitoa mfukoni, akaiinua mbele ya macho, akasoma maandishi ya kwenye kitako chake cha shaba, ndipo akaitia. Jogoo wawili waliruka wakati akisoma. Wa pili aliangushwa na dada yake.

Kwa jumla tulirudi na ndege 14. Tuliwachuna nyuma ya banda, tukiacha mguu mmoja au kichwa ili askari wa wanyama akikuuliza umthibitishie kuwa ni jogoo. Usiku mke wa mzee aliwapika kwa maziwa ya mtindi mzito na uyoga, mwenyeji wangu akasonga ugali wa unga mweupe aliokuja nao kutoka Aberdeen, na wale wajukuu wakala kwa mikono kama sisi, wakisema kuwa moto. Wakati sahani zikiondolewa msichana alileta mkebe mtupu wa kahawa, akahesabu risasi zake za manjano na kuzitia humo moja moja, akafunga kifuniko, na kuuweka juu ya kabati upande wake, mbali na fulana.